Siku Marehemu Alitupigia Telefone ku Kilio Yake

Kama mutacheka, mucheke sasa muishe, kisha munisikilize, juu ile haya nilipata kule Annexe, pembeni ya Lubumbashi, ku kilio ya Papa Tshibangu, ata leo nikipita mu avenue ile nafunika kitambala mpaka ku macho kama muntu wa kuumwa meno, na bado batoto bananijua, banasema polepole na adabu yote ya masomo: "Kambo, marehemu anakusalimia." (Bamama yabo banacheka nyuma ya mulango. Nabasikia. Miguu njo ilizeeka, masikio bado.)

Miye sikusoma, mujue ile mbele. Baba yangu alitoka kule Kabalo, akakuya kutumika ku shemin-de-fer, njia ya train, akasema mutoto mwanamuke atasoma moto vile inawaka, basi nilisoma moto mpaka nikapata diplome ya moshi. Lakini Mungu alinipatia kinywa. Sauti ya muntu nikiisikia mara moja naiweka mu shavu kama bonbon, siku nikitaka naitosha ikiwa nzima. Nafanya padri akiwa na mafua. Nafanya bibi ya chef ya quartier na ile Kifaransa yake ya kuvaa siku ya Mungu tu. Wakati nilikuwa naishi Kampemba, mbele batoto yangu banijengee kule Annexe, bantu balikuwa banazima radio juu ya kunisikiliza, na miye mujinga nilifikiri ni sifa.

Sasa kule Annexe kulikuwa kunaingia bageni mingi, benye balitoka Kasaï na train, bengine na malori, banajenga tunyumba pembeni ya mashimo ya matofali, sababu kazi yenye balipata ni ile ya kuchoma matofali. Benye quartier banabaita "bageni, bageni" na kinywa ya kupindisha, utafikiri bo benyewe baliota pale kama majani. Baba yangu pia alishuka ku train na kitanda ku kichwa, na miye sikusikia ata siku moja muntu anasema kitanda ile ilizaliwa Lubumbashi.

Bageni bale balikuwa na kisima moja, ya wazi, na WC ya kuzungushia bâche ya plastiki iko karibu nayo sana, kisima na WC banasalimiana chini ya udongo kama majirani bazuri. Mvua ikianza, kolera inafika. Njo projet ikakuya kutuokoa. Mulifikiri projet italeta bomba ya mayi? Hapana, bomba ni bintu ya bantu ya Golf, ile quartier ya matajiri. Projet ilileta telefone.

Mwenye kuileta tulimuita Docteur Trésor. Haiko docteur, lakini alikuwa na jeep, na viatu yenye haijui vumbi, basi ni docteur. Alitukusanya, akasema na ile sauti yake ya sukari: "Bamama, bapapa, la prévention, c'est la communication." Maana yake: tutawaandika numéro mu masini, na masini itakuwa inabapigia yenyewe, bote saa moja, unafungula, unasikia maneno ya kujikinga na magonjwa. Ukitaka kusikia tena unafinya moja. Ukitaka kusikia mu ciluba unafinya mbili. Bantu bakapiga makofi. Balikuwa na kiu, lakini balipiga makofi.

Siku ya kwanza masini ikapiga. Mwanamuke fulani mu telefone, Swahili ya ku kitabu, anasema na pua: "Ndugu msikilizaji, nawa mikono yako kwa maji yanayotiririka." Papa Tshibangu, jirani yangu, akakata, akanilalamikia juu ya lupango, ukuta kati yetu: "Kambo, bon, tuseme ivi, uyu mwanamuke analia nini?"

Sasa nikuambie juu ya Papa Tshibangu. Alikuwa muchoma matofali, mufupi, wa nguvu, na sauti kama bati yenye upepo inapiga. Kila neno yake ilianza na "bon, tuseme ivi", na kila neno iliisha na kucheka ya mu koo, hè hè hè, kama pikipiki inakatala kuwaka. Alinifanya kambo yake, mama ya baba yake, na kwetu kama kwabo, mujukuu anamuita kambo yake bibi ya ndoa, ni mizaha ya kuzaliwa nayo, basi asubui yote anasema: "Bibi yangu mukubwa, ulilala namna gani bila miye?" Na bibi yake wa kweli, Mama Ngalula, ananiita mupali, bibi mwenzake, ananiletea sombe, majani ya muhogo. Miye namujibu Papa Tshibangu na sauti yake, yeye ananijibu na yangu (alinifanya mubaya, kama mbuzi ya kuzeeka, lakini bantu banasema alinipata). Na kisima ile alikuwa anakunywa bila kuogopa. Ngalula anamuambia chemsha mayi, yeye: "Bon, tuseme ivi, microbe haina meno. Hè hè hè."

Docteur Trésor akaona bageni banakata telefone, akatafuta muntu wa kinywa. Bakamutuma kwangu. Akanipandisha mu jeep, akafunga vitre yote ya madirisha juu ya kelele, joto kama mu tanuru ya matofali, akaniweka telefone mbele ya kinywa. Nikasema maneno yake vile alitaka, na sauti yangu. Akatingisha kichwa. "Mama Ngoie, il faut toucher les cœurs. Ifike ku moyo."

Ku moyo? Nikasema mu roho, ngoja, nitakupatia moyo na maini.

Pale njo nilikosea. Kakintu kadogo tu. Nilitosha sauti ya Papa Tshibangu mu shavu, nikasema:

"Bon, tuseme ivi. Bandugu, miye niko chini ya udongo. Munajiuliza, mwanaume wa nguvu vile, nini ilimumaliza? Ni mayi ya kisima. Bibi yangu aliniambia, chemsha. Nikakatala. Tumbo ikanikamata, nikaenda WC, nikarudia, nikaenda, sikurudia tena. Muchemshe mayi. Munawe mikono. Hè hè hè."

Docteur Trésor alicheka mpaka akafuta machozi na blouse. "C'est génial." Kisha akaniuliza kama naweza kusema na ciluba. Nikamuambia, ile swali gani. (Kiluba ya kwetu na ciluba ya Kasaï ni ndugu, lakini ndugu benye habakulala nyumba moja. Nilianza muzuri na salamu yabo, "moyo wenu", kisha Kiluba ya baba yangu ikaingia mulango wa nyuma, ikakaa.) Docteur, mutoto ya Golf, alisikia nini? Aliona kinywa inatembea, akafurahi.

Niliwaza: siku masini itaituma, Papa Tshibangu atajisikia, atakuya ku lupango na fimbo ya kunipiga, na tutacheka mwezi muzima. Mvua ikapita, masini ikatuma ingine na ingine, ile yangu haikutoka. Nikasema baliitupa. Nikasahau.

Papa Tshibangu alikuwa na hernie, matumbo yenye inasukuma kutoka chini ya ngozi. Alibeba matofali nayo kama mutoto, anaificha bantu, anaificha mpaka bibi yake. Siku moja ikafunga. Ngalula akamubeba ku hospitali, bakamupasua, lakini ilikuwa imekwisha kuchelewa. Haikukuwa kolera, haikukuwa kisima, ilikuwa matofali na kunyamaza; lakini karatasi ya hospitali ilikuwa mu Kifaransa, na mu quartier balisema ni "tumbo" tu. Nililia, na pale sina mizaha. Asubui nilisimama ku lupango yangu, hakuna mwenye kuniuliza kama nililala muzuri.

Basi kilio. Bâche ku barabara, viti ya kulomba ku kanisa, masufuria ya sombe, bassin ya bukari, ugali yetu. Na pale njo akafika yaya ya marehemu, kaka yake mukubwa, Papa Mulumba, kutoka Mbuji-Mayi, na koti ya nguo nzito mu jua ile. Alisalimia manjanja, mabati ya nyumba, mbele ya kusalimia mujane. Kweli, alisimama mbele ya nyumba yenye ndugu yake alijenga na matofali yake mwenyewe, akagonga ukuta na kidole, akasema: "Inasimama." Kisha akaingia kulia.

Anasemaka polepole, uyu Papa Mulumba, kila neno kama muntu anashusha mufuko ya ciment. Tangu alifika, anasema kwa kila muntu: "Ndugu yangu. Alikuwa. Muzima. Mwanaume muzima hafwi na tumbo bure. Mu iyi nyumba kuko mukono ya muntu." Na kila muntu alijua mukono gani. Alikuwa ameisha kupanga: ikionekana ni bibi, nyumba itafungwa, batoto batagawanywa mu familia, na Ngalula atapandishwa train peke yake. Ngalula alikaa ku mukeka, kichwa chini, hajibu. Angemujibu nini? Ukikana unaficha, ukinyamaza unakubali, hesabu ile banaume baliitengeneza muzuri.

Tukazika. Tukarudia, tukanawa mikono ku mulango ya lupango vile inafaa kisha makaburi, bote mu bassin moja, mayi nyeusi kama chai (miye, sauti ya projet, nilinawa pia, munyamaze). Tukakaa juu ya kusikiliza namna marehemu alikufwa, sababu familia lazima baulize, njo desturi, na ninyi munajua. Papa Mulumba akasimama katikati ya bantu bote, akafunga koti, akasema:

"Ninauliza. Mbele ya bote. Nani anajua nini ilimuua ndugu yangu? Asimame. Aseme."

Ata nzi banakaa.

Na telefone ya bantu bote ikalia mara moja.

Ninyi hamukusikia bado kintu kama ile. Mu mifuko, mu basoutien ya bamama, ku kiuno, chini ya mukeka, nyimbo ya Mungu na ndombolo na kuku kuimba, yote pamoja. Bantu balizoea, bakafungula. Na mu kila sikio, na kwa bale benye telefone yabo inasema nguvu, mu kilio muzima:

"Bon, tuseme ivi. Bandugu, miye niko chini ya udongo."

Mama mwenye alikuwa anageuza bukari aliachilia mwiko, akakimbia bila viatu. Mwanaume wa chorale alipanda juu ya kiti. Muzee moja alitupa telefone mu bassin ya kunawa, na ata mule ndani ikaendelea kusema, blu blu blu, tumbo ikanikamata. Miye nikaruka kuzima. Kuzima gani? Sijui ata kuzima yangu. Nikaanza kunyanganya bantu telefone mu mikono, "leta, leta," banafikiri niko mwizi, moja akanisukuma, na miye, na bunene yangu yote, nikakaa mu sufuria ya sombe. Namshukuru Mungu ilikuwa imepoa. Mafuta ya ngazi, ile mawese, ilipanda mpaka ku mugongo. Na pale chini yangu ikasikilikana: "Hè hè hè." Ilikuwa telefone yangu, mu kiuno.

Masini ikakata. Mzee wa kanisa akasema polepole: "Aliuliza nani anajua. Marehemu amejibu."

Bantu bakaanza kunong'ona. Ni mayi. Amesema ni mayi. Amesema bibi alimuambia achemshe. Nikamuangalia Ngalula ku mukeka: aliinua kichwa, akaniangalia miye na sombe yangu, moja kwa moja, na akashusha kichwa tena. Alijua. Yeye kwanza alijua. Na alinyamaza, na miye nikaelewa mara moja ya kuwa ni lazima ninyamaze pia, sababu ile ujinga yangu ilikuwa inamuokoa.

Papa Mulumba alikuwa na jasho mu koti. Alikuwa ameshika telefone ya jirani. Akafinya moja. Ndugu yake akarudilia kusema vile vile, chini ya udongo, kisima, bibi yangu aliniambia. Papa Mulumba akakaa ku kiti. Bazee bakasema basi, imeisha, marehemu amekata maneno.

Ingeisha pale. Lakini muntu wa koti nzito lazima afike mwisho. Akafinya mbili.

Na marehemu akaanza kusema ciluba.

Niliona uso ya Papa Mulumba inabadirika. Kwanza masikio. Kisha macho. Akasimama. "Moyo wenu," ile ilipita. Kisha ile ingine ikafika, Kiluba ya Kabalo yenye inavaa koti ya Kasaï, mikono inapita. Akasema:

"Uyu haiko. Ndugu yangu. Ndugu yangu alizaliwa Kasaï. Uyu anasema ciluba kama muntu anatafuna kiatu."

Bageni bote bakageuka, benye kujua ciluba, na balikuwa banakubali na kichwa. (Ile iliniumiza. Nilijikaza sana siku ile mu jeep.) Nikasema mu roho, Ngoie, funga kinywa, hakuna mwenye anajua, utatoka mu sufuria polepole, utakwenda kwako. Na pale, Mungu na mizaha yake, jeep ikasimama. Docteur Trésor alikuya kutoa pole. Alishuka, akaona telefone mu mikono ya bantu, akafurahi kama bibi harusi.

"Ah, balisikia message! Ni Mama Ngoie ule, pale, mu... pale mu sombe. C'est notre vedette, nyota yetu."

Papa Mulumba akatembea kwangu. Neno moja, mufuko moja ya ciment. "Weye. Ulisema. Ndugu yangu iko chini ya udongo. Lini?"

"Miezi mingi, patron," Docteur akanijibia, anatabasamu. "Mbele ya mvua. Leo ilituma yenyewe. C'est programmé, ilipangwa tangu zamani."

"Programmé," Papa Mulumba akasema.

"Programmé," bantu bakasema nyuma yake, na niliona viti inasukumwa mbali nami. Munaelewa? Muzee mwanamuke, peke yake, alisema kifo ya muntu na sauti ya muntu ule, wakati alikuwa angali muzima. Ku Lubumbashi hautafute tena muloji, muchawi, amekaa mbele yako, na mafuta ya ngazi ku matako. Docteur akaanza kueleza masini, serveur, calendrier, na kila neno ya Kifaransa ilikuwa inachimba kaburi yangu kiloko zaidi.

Papa Mulumba akainama. "Kama ni weye. Fanya. Hapa. Tusikie. Kisha tutaamua, weye na uyu mujane, nani alimufunga tumbo."

Nilikuwa na woga. Nilitaka kulomba musamaha na sauti yangu, nakuapia. Nilifungula kinywa juu ya kusema "papa, unihurumie". Yenye ilitoka ni ile ingine.

"Bon, tuseme ivi," nikasema. "Yaya. Tangu nilifika Lubumbashi haukunipigia ata bip moja. Nilikuwa namuambia Ngalula, yaya atapiga siku ya Mungu. Siku ya Mungu inapita. Sasa niko chini ya udongo, njo unafinya moja, unafinya mbili."

Sikuwaza ile. Papa Tshibangu alikuwa anasema vile vile ku lupango, telefone mu mukono, kila siku ya Mungu kisha misa, nilikuwa naiweka mu shavu tu. Na mwisho, bila kutaka, ikatoka ile kucheka: hè hè hè. Ngalula ku mukeka akapiga kelele moja, ya kulia ao ya kucheka, ata leo sijui, na batoto yake bakamukimbilia.

Papa Mulumba akaangalia telefone mu mukono yake, akairudisha kwa mwenyewe. Kila muntu pale alikuwa anamuangalia. Akatosha koti. Akasema, na sauti ya kawaida, ya muntu tu: "Alikuwa na hernie tangu butoto. Mama alijua." Akaenda kukaa ku mukeka, mbali kiloko na Ngalula, akalia ya kweli. Kesho yake alipanda train peke yake. Nyumba, batoto, manjanja, yote ilibakia pale iko.

Na miye? Mulifikiri balinibeba juu? Chef ya quartier aliniita, akaniambia kubadirisha sauti ni trouble ya ordre public, kuvuruga amani ya bantu. Ku kanisa balinitosha mu bale benye kuongoza rozari (padri alisema ni juu ya sauti yangu imechoka, na alikuwa na mafua, na sikumuiga, Mungu anaona). Nikipigia muntu telefone hafungule, anangojea nikufwe kwanza. Lakini mayi banachemsha, bageni na bale bengine, moshi inapanda kila asubui, banaogopa marehemu atarudilia kupiga. Docteur Trésor amefurahi sana, alikuya na jeep kunilomba sauti ya bafwa bengine. Nilimuambia alete bomba kwanza, kisha aweke sauti yake mwenyewe mu ile ya bafwa.

Niliapa mbele ya Ngalula: sitaiga tena muntu mu masini, mwenye iko muzima ao mwenye alikwenda. Na sijaiga. Ila siku ya Mungu, kisha misa, Ngalula anakuya kwangu na sombe, anakaa, anaangalia lupango, anasema: "Mupali, finya moja."

Nafunga mulango. Simufanyii maneno, hapana, niliapa. Namufanyia tu ile kucheka.